Ubeti wa Majina

Yeoville, Johannesburg
5 Februari 2023

Papa mpendwa,

Nakusalimu, na nyumba yote naisalimu. Miguu inaendeleaje? Elisée, dereva wa basi, aliniambia ulikuja mwenyewe mpaka kituoni kumpa mfuko wangu wa mihogo mikavu, tena kwa miguu. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Huku mimi ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri, na cherehani haipumziki kwa sababu shule zimefunguliwa na kila mama anataka sare ya mtoto ipunguzwe au iongezwe. Kwa hiyo afya ipo. Amani ndiyo haipo, na aliyeiondoa ni wewe.

Jumapili iliyopita tulikuwa mazoezini Joubert Park, katika ule ukumbi wa kanisa tunaoazimwa ibada ikiisha. Wanawake ishirini na wawili, na mimi mbele yao. Wakaingia wanaume wawili wenye suti, wakakaa nyuma, wakausikiliza wimbo wa Mulungwa mpaka mwisho. Kisha mmoja akanijia, akanipa mkono, akasema Mheshimiwa Thierry anatusalimu na anafurahi kwamba mambo yamekwisha. Nikamuuliza mambo gani.

"Baba yako ameshakubali," akasema.

Alilisema mbele ya kwaya yangu. Wanawake wakanitazama kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikipigwa mnada.

Papa, wimbo ule nimeutunga mimi. Niliutunga wiki ile shimo la Mulungwa lilipowafukia wachimbaji thelathini na mmoja, na Abdulrahman wa Mama Bushra, jirani yetu, akiwa mmoja wao. Abdulrahman huyo huyo aliyekuwa akikuzibia kinanda chako kwa mpira wa tairi la baiskeli kila kilipoanza kuvuja hewa. Ni wewe uliyeniandikia majina yao, moja moja, kwa mkono wako, na mimi nikayatia yote katika ubeti wa tano. Shimo lilikuwa la nani? La ushirika wa Mheshimiwa Thierry. Nani aliambiwa siku tatu kabla kwamba ukuta umepasuka? Yeye. Leo mtu huyo anautaka wimbo wa waliokufa ndani ya shimo lake, na baba yangu amemkubalia kwa niaba yangu, kana kwamba mimi bado ni mtoto wa kuchumbiwa bila kuulizwa. Nina miaka thelathini na tisa.

Nijibu kwa barua. Kwa simu husikii, na haya sitaki mtu mwingine akusikilizie.

Binti yako,
Agnès


Lubumbashi
26 Februari 2023

Mwanangu Agnès,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Miguu ni mizima. Ni masikio tu yaliyoamua kustaafu kabla yangu. Mama yako mdogo anakohoa lakini anakula. Mihogo umeipata, na hukusema asante. Nimeelewa ni hasira.

Sasa nisikilize, kwa kuwa mimi sikusikii.

Mheshimiwa alikuja hapa mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti chako cha zamani, akachukua lile daftari ambalo watu huniandikia wanachotaka kusema, akaandika kurasa nne. Mwandiko wake ni mzuri. Anataka kumbukumbu ya mwaka wa pili wa Mulungwa, tarehe kumi na saba Septemba, iwekewe jiwe, na wimbo wako uimbwe pale na kwaya yako mwenyewe. Atawasafirisha wote. Kabla ya hapo utarekodiwa huko Johannesburg na okestra kamili. Na lile jengo la zamani la chama, lililooza pale nyuma ya posta, atalikarabati liwe shule ya muziki. Watoto arobaini, kinanda kipya, mwalimu wa kudumu. Juu ya mlango litaandikwa jina langu.

Anaomba jambo moja. Ubeti wa tano upumzike, kwa kuwa majina ni mengi na wageni watachoka, na mahali pake uwekwe ubeti wa kumshukuru aliyewafariji yatima. Nimeshauandika, uko humu ndani ya bahasha. Unaingia vizuri katika sauti, hutausikia mshono.

Najua unaniita kibaraka moyoni mwako. Liandike, nilisome. Enzi za chama kimoja niliandika nyimbo za uwanjani, na maelfu walicheza kwa noti zangu kila Rais aliposhuka kwenye ndege. Nilisomesha watoto sita. Usiniambie nyimbo zile zilikuwa chafu, Agnès, maana ulizila, ukashiba, ukaomba uongezewe. Kinanda ulichojifunzia kilitoka kwenye wimbo wa kumsifu gavana ambaye leo hakuna anayekumbuka sura yake. Gavana amekwenda, kinanda kimebaki, na wewe umekuwa mtunzi.

Mtunzi anayekataa kila mkono unaonyoshwa kwake huishia na wanawake ishirini na wawili katika ukumbi wa kuazima. Sikusemi vibaya. Nakuonyesha.

Nina miaka sabini na sita.

Papa yako,
Théodore


Yeoville
2 Aprili 2023

Papa,

Nakusalimu. Mpe pole mama mdogo. Nimemwekea Elisée dawa ya kifua kwenye mfuko huu, iko chini ya kitambaa cha bluu. Asante kwa mihogo.

Nimeonana naye. Nakueleza mwenyewe kabla hajakueleza kwa mwandiko wake mzuri.

Alinialika hotelini Sandton. Nilikwenda kwa teksi mbili, nimevaa lile gauni nililojishonea Krismasi. Alikuwa peke yake mezani. Nilijiandaa kukutana na mtu mwenye kelele, nikamkuta mtu mpole mwenye miwani, ananivutia kiti. Kisha akaniimbia kwa sauti ya chini kiitikio changu, na ule mpando mgumu wa katikati, ambao nusu ya soprano wangu huukosa, yeye hakuukosa. Akasema alipousikia mara ya kwanza alilia ndani ya gari. Namwamini, Papa. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Akanionyesha kwenye karatasi ukumbi, tarehe, idadi ya fidla. Sitakuficha: idadi ya fidla niliisoma mara mbili. Tangu nianze kutunga sijawahi kusikia kazi yangu hata mara moja ikipigwa na chombo cha nyuzi. Naandika kwa kukisia. Nina kinanda kidogo cha umeme ambacho vibonye vyake viwili vimekufa, nikifika hapo natamka noti kwa mdomo. Mtu anaponiambia fidla ishirini na nne, mimi nasikia njaa.

Nikamuuliza majina yanatolewa kwa nini. Nikamwambia hata wageni wachoke vipi, hawatachoka kuwashinda waliochimba.

Hakukasirika. Alikunja ile karatasi polepole. "Majina ni kitu cha mahakamani," akasema. "Wimbo ni wa watu wote. Usiufanye wimbo wako kuwa shahidi, mama. Mashahidi hawaishi vizuri."

Nikamwambia basi wimbo huu utaishi vibaya. Nikainuka. Chai yake sikuimaliza.

Niliporudi niliwaeleza wanakwaya. Nilidhani watasimama nami. Chloé, unayemjua, yule wa Likasi anayeongoza alto na anayesuka nywele karibu na duka letu, alisimama kweli, lakini dhidi yangu. Hakupiga kelele. Alisema hajamwona mama yake miaka kumi na mmoja, kwa sababu akivuka mpaka kwa karatasi alizo nazo hatarudi, na sasa kuna mtu mwenye uwezo wa kumvusha na kumrudisha, na mimi nimemkataa bila kumuuliza. "Wewe unalinda wafu," akaniambia. "Mama yangu bado yuko hai." Kwa hilo pia nakukasirikia wewe, kwa kuwa ndiwe uliyemfungulia huyo mtu mlango.

Kuhusu kula nyimbo zako: nilikuwa na miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano haulizi wali umetoka wapi. Mtu wa miaka sabini na sita anaweza kuuliza.

Sikubali. Mwambie hivyo kwa mdomo wako. Ubeti wako ninakurudishia humu humu ndani ya bahasha. Mshono unaonekana.

Binti yako,
Agnès


Lubumbashi
21 Mei 2023

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Baridi imeanza huku, kwenu itakuwa kali zaidi. Funga madirisha kwa magazeti kama nilivyokufundisha.

Nimesaini.

Karatasi ilisema wimbo wa Mulungwa ni kazi ya Théodore, mtunzi wa Lubumbashi, na kwamba ameitoa kwa hiari. Ofisi ya haki za watunzi imeipokea. Usinifikirie mwizi. Wangeuchukua kwa njia yoyote, na kama si kwa jina langu, basi kwa jina la mtu asiyejua hata ufunguo wa wimbo. Angalau umebaki katika familia. Nawe hutasumbuliwa na mtu. Aliyekubali ni mimi, anayelaumiwa ni mimi. Baba humkinga mtoto wake hivyo.

Na kusema kweli, ule mwendo wa besi katika kiitikio ulijifunza kwa nani?

Fundi ameshaanza kupaka rangi jengo.

Papa yako,
Théodore


Yeoville
11 Juni 2023

Mzee Théodore,

Mimi ni mzima. Nawe natumaini u mzima.

Wanawake kumi na watatu wamehama pamoja na Chloé. Wanafanya mazoezi Rosettenville, katika ukumbi wenye kapeti, na mwalimu aliyetumwa na Mheshimiwa. Nimebaki na wanane. Jumapili iliyopita tulifungiwa pale Joubert Park. Mchungaji alisema mkubwa mmoja amelichangia kanisa lake paa jipya na hapendi fujo. Tuliimba barabarani, karibu na robot, yaani taa za magari, mpaka polisi wa jiji walipotwambia tusogee.

Ulinifundisha kusoma noti kabla sijajua kusoma herufi. Ulinishika kidole. Kwa kidole hicho hicho umenifuta.

Nikivunjiwa nyumba na mwizi nitaita polisi. Nikivunjiwa na wewe nimwite nani?

Usiniandikie tena. Nimemwambia Elisée asipokee.

Agnès


Lubumbashi
12 Novemba 2023

Agnès,

Nakusalimu ukitaka kusalimiwa. Barua zangu mbili, ya Julai na ya Agosti, Elisée alizirudisha hazijafunguliwa. Hii nimempa kwa kumsihi sana. Ameapa hatakukabidhi mkononi, ataiacha kwenye spaza, kile kiduka kilicho chini ya nyumba yako, kati ya mkate na sabuni. Ukiitupa, utakuwa umeitupa wewe.

Nakueleza yaliyotokea tarehe kumi na saba Septemba, kwa sababu wengine watakueleza kwa namna nyingine.

Walinikalisha mstari wa mbele, chini ya hema, karibu na mke wa gavana. Chloé na wenzake walivaa kijani. Sisikii, lakini wimbo ninaujua wote, na midomo naisoma, kwa hiyo niliufuata hatua kwa hatua. Ubeti wa kwanza mpaka wa nne ulikwenda vizuri, soprano hawakukosa. Kisha wa tano. Nikaona midomo ile yote ikitamka maneno yangu, baba wa yatima, mfariji wetu. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kwa kusifiwa. Nami nilipiga makofi.

Watu walipotawanyika, Mama Bushra alinijia. Alilitwaa daftari mkononi mwangu bila kuomba. Unajua hakusoma sana. Alichukua muda mrefu, ameliegemeza kwenye goti. Aliandika: "Mzee Abdulrahman wangu mmemuimba wapi. Nimengoja sijamsikia."

Nilishika penseli. Katika maisha yangu nimeandika nyimbo za sifa zaidi ya sabini, kwa marais, kwa magavana, kwa wakurugenzi wa migodi, na sikuwahi kukosa neno. Siku ile nililikosa. Nikamrudishia daftari bila kuandika kitu. Alingoja kidogo, kisha akaenda zake.

Sitakudanganya kwamba niliondoka papo hapo. Kulikuwa na chakula. Nilikula, Agnès. Nilikula wali na kuku, nikapigwa picha mbele ya mlango wenye jina langu.

Ila tangu siku ile Mama Bushra hakuleta uji. Kila asubuhi, tangu mama yako alipofariki, mwanamke yule hupitisha kikombe cha uji juu ya ukuta. Wiki ya kwanza nilisema ana shughuli. Wiki ya tatu nilivaa koti, nikaenda ofisi ya watunzi, nikawaambia nilitoa ushahidi wa uongo. Karani alicheka. Aliandika katika daftari kwamba mzee amechoka, aende nyumbani. Nilikwenda kwa mthibitishaji wa hati, nikaandika kwa mkono wangu, na mashahidi wawili, kwamba wimbo wa Mulungwa umetungwa na Agnès, binti yangu, wote, maneno na noti, pamoja na mwendo wa besi. Nakala yake ni hii hapa ndani yenye muhuri. Nakala nyingine nimeipeleka kwa mtu wa gazeti. Hajaichapisha.

Siku nne baadaye walikuja na gari wakachukua kile kinanda kipya. Nilikuwa bado nimekipiga mara moja tu, kwa kugusa ubao wake nione unavyotetemeka. Jina juu ya mlango limepakwa rangi. Sasa ni shule ya mama yake Mheshimiwa. Watoto wanaendelea kusoma, na nimefurahi kwamba wanaendelea. Mtu mmoja mwenye pikipiki husimama mbele ya nyumba yetu baadhi ya siku. Mama yako mdogo humpelekea maji, sijui kwa nini.

Kwa Mama Bushra nimepeleka ubeti wa tano, nimeunakili kwa herufi kubwa, jina la mwanawe likiwa la kumi na mbili kama ulivyoliweka. Aliupokea, akafunga mlango.

Niliyokuandikia Mei, kwamba nilikuwa nakukinga, hayakuwa kweli. Nilitaka jina langu juu ya mlango. Ni hilo tu. Sikuandiki ili unisamehe. Naandika kwa sababu karatasi hii ni mali yako.

Théodore


Yeoville
14 Januari 2024

Papa,

Nakusalimu. Mwaka mpya umeingia. Sisi wazima. Barua yako nilikaa nayo wiki tatu bila kuifungua, kisha nikaisoma mara nne, zote kwa hasira. Hasira haijaisha, nakwambia mapema usije ukaitafuta mahali ambapo haipo.

Karatasi yako nimeipeleka kwa wakili mmoja wa bure wa wakimbizi. Ameisoma, akasema eish, mama, ni karatasi nzuri lakini wenye rekodi wana mawakili sita. Tutaona. Sitegemei.

Rekodi yenyewe nimeisikia. Nilikuwa saluni, Rockey Street, nimesukwa upande mmoja, ikaanza kupigwa kwenye redio. Nilitaka kuwaambia wazime. Sikuweza. Fidla ziliingia pale nilipozikisia miaka yote ile, katika kiitikio, zikaibeba soprano kama mikono inayobeba maji. Ni nzuri, Papa. Nilitamani iwe mbaya, na ni nzuri. Nililia kwa furaha na kwa chuki kwa wakati mmoja, mpaka ulipofika ubeti wako. Hapo nikasimama, nikatoka barabarani na kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, nikatembea hivyo mpaka nyumbani, watu wakinicheka. Wameniibia hata furaha ya kusikia kazi yangu kwa mara ya kwanza, na wewe ndiye uliyewashikia ngazi.

Chloé amerudi. Alikuja mazoezini mwezi uliopita, akakaa kwenye kiti cha mwisho cha alto, akafungua karatasi. Hakuomba radhi na mimi sikumdai. Baadaye tukikunja viti aliniambia amemwona mama yake, wamelala kitanda kimoja siku sita. Tena akaniambia kwamba siku ile, walipofika ubeti wa tano, alifumba mdomo. Alidhani hakuna aliyemwona. Sijui kama ni kweli. Wewe ulikuwa mbele, labda unajua. Usiniambie.

Tunafanya mazoezi katika karakana ya magari Rosettenville, ya Mreno mmoja mzee ambaye hatutozi chochote na hataki tumshukuru kwa wimbo. Wamejiunga wanaume tisa, walinzi wengi wao, na makanika wawili. Kwa hiyo sasa nina besi, na sijui kuandikia besi. Siku zote niliandika kwa wanawake.

Nimeanza kazi nyingine. Walitoa ubeti mmoja kwa sababu majina yote yalikuwa sehemu moja, mtu angeweza kuyakata kwa mkasi mara moja. Safari hii kila mtu ana wimbo wake. Nyimbo thelathini na moja, fupi fupi. Anayetaka kumwondoa mtu itabidi auondoe wimbo mzima, na kila mtu ataona pengo. Mheshimiwa alisema nisiufanye wimbo wangu kuwa shahidi. Nitampa mashahidi thelathini na mmoja.

Wa kwanza ni wa Abdulrahman. Uko humu ndani. Haujakamilika, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaondoka alipokuwa mtu mzima, na simjui ila kwa kinanda. Nenda kwa Mama Bushra. Mpe daftari, umwombe aandike alikuwa akitembeaje, alipenda kula nini, alikuwa akiimba nini akioga. Akikufungia mlango, kaa nje. Kesho yake nenda tena. Una muda, shule huna.

Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini hakuna mtu mwingine ninayemjua, kati ya hapa na Lubumbashi, anayejua kuandika besi kama wewe, na walinzi wangu wanastahili besi nzuri.

Noti zisahihishe unavyojua. Maneno usiyaguse.

Binti yako,
Agnès